Unga wa Anayetangulia

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, ili mbele mtu asije akashangaa. Hapa sokoni, karibu na ufuo wa Asembo Bay, watu wamenizoea kama walivyozoea moshi wa mashine yangu: wanakohoa kidogo, wanaendelea na shughuli zao. Kule Port Victoria nilikozaliwa naitwa Nasipwondi, lakini tangu niolewe huku mimi ni Mama Frankline, na mashine ya kusaga unga aliyoniachia marehemu mume wangu Dalmas inaitwa kwa Mama Frankline. Nimeiendesha peke yangu miaka kumi na mmoja. Mwaka huu nusura niiuze kama chuma chakavu, na kosa lilikuwa langu.

Ukitaka kujua uchumi umekazaje, achana na watu wa redio. Njoo ukae mlangoni kwangu uone watu wamebeba nini. Zamani mtu alikuja na debe zima la mahindi, mwingine na gunia juu ya baiskeli. Halafu debe likawa nusu debe. Kufikia mwaka jana watu wengi walikuwa wanakuja na gorogoro moja, ule mkebe wa kilo mbili, wameufunika na kanga kana kwamba ni siri. Bei ya dizeli nayo ilikuwa inapanda kila nikigeuka.

Aliyekuwa akinishikilia wakati huo wote ni Wakhisi. Alikuwa na hoteli ya mabati ufuoni, akipikia wavuvi ugali na samaki, na kila asubuhi saa moja alikuwa mlangoni kwangu na nusu gunia. Huyo ndiye alikuwa akiifungua siku. Lakini samaki walipopungua, wavuvi wakaanza kula kwao, na hoteli bila walaji ni kibanda tu. Mwezi wa pili Wakhisi alifunga, akarudi kwao Bunyala kulima. Nilimpa mkono wa kwaheri, nikadhani nimepoteza mteja mmoja.

Kumbe nilikuwa nimewapoteza wote. Wiki ile ile mambo yakawa ya ajabu. Kina mama walikuja asubuhi na mikebe yao, wakaketi kwenye benchi langu nje ya ukuta, wakapiga soga. Saa mbili, saa tatu, saa nne, hakuna anayesimama. Nikitoka nikiuliza kama wanasaga, wananiambia, "Tunangoja kidogo, Mama Frankline." Nikiuliza wanangoja nini, mashine iko, dizeli iko, mimi niko, wanatazamana. Ikifika saa tano wanabeba mikebe yao na kuondoka mmoja mmoja. Mimi nimebaki na mashine baridi.

Mtu mwingine angekaa akafikiri. Mimi nilikasirika. Niliamua kwamba wananidharau, kwamba wamefanya kibaraza changu mahali pa kuota jua huku mahindi yao wakiyapeleka kwa mashine ya stima kule njia panda. Aliyenichoma zaidi ni Rachael. Rachael anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa kikombe, ana watoto wanne, na mume wake alikwenda Nairobi kwenye mijengo akanyamaza huko. Alikuwa wa kwanza kufika kila siku na wa mwisho kuondoka, na mahindi yake hayasagwi. Siku moja nikamwambia mbele ya watu, "Wewe na hako kamkebe kako, unangoja mahindi yaongezeke?" Wengine walicheka. Yeye aliinama akatengeneza kanga yake. Kesho yake nikaliingiza benchi ndani na kufunga mlango.

Wahenga walisema hasira hasara. Baada ya hapo hakuja mtu hata wa kukaa.

Sasa elewa kwamba mashine yangu haiko peke yake. Mbele yake kuna meza ya Safia, binti wa Waislamu wa Kendu Bay aliyeolewa huku, anayeuza chai na mandazi. Kando yake kuna Ochieng fundi viatu. Mtu aliyeleta mahindi alikuwa akinywa chai akisubiri zamu, na akishaketi ndipo anakumbuka kiatu cha mtoto kimeachia. Mashine ilipolala, wote walilala. Safia alipunguza mandazi hadi sahani moja, na hiyo moja ilikuwa inabaki. Ochieng alikuwa anashona viatu vyake mwenyewe.

"Ukiuza hiyo mashine, na mimi nakunja meza," Safia aliniambia. Hakuwa ananitisha, alikuwa ananijulisha tu.

Maana kufikia hapo habari ya kuuza ilikuwa imeshatoka. Mwanangu Frankline, anayepaka magari rangi Kisumu, alikuwa amenipigia simu. "Mama, uza hiyo kitu ikiwa bado inaitwa mashine," alisema. "Ukingoja mwaka mwingine utaiuza kwa kilo." Alinitafutia mtu, Hemedi, ambaye hununua mashine zilizolala huku akaziuze Nyakach na kwingine. Tulikubaliana bei kwa simu, nikampa neno langu, akasema atakuja Alhamisi na pikapu. Baada ya ile simu nililia, sitadanganya. Bila mashine mimi ni mjane mwenye kuku sita. Nisingejua nijiite nani.

Alhamisi Hemedi alifika saa tatu asubuhi. Mtu mpole, kofia yake safi, sanduku la spana mkononi, na begani mfuko wa mahindi. Nikamuuliza mahindi ni ya nini, kwani kwetu hatuli?

"Mimi sinunui mngurumo, Mama," akasema. "Mashine tupu hata ikiwa mbovu inanguruma vizuri. Nataka niisikie ikiwa na kitu mdomoni."

Tukayaweka mahindi yake kwenye mizani: kilo kumi na mbili. Nikazungusha injini, ikashika, nikamimina. Hapo sauti ikashuka, ikawa nzito. Mtu yeyote wa hapa anaijua sauti ile ya mashine inayotafuna, hata akiwa shambani. Nilikuwa sijaisikia wiki nyingi.

Mfuko wa Hemedi haukuwa umeisha nilipoinua macho nikamwona Rachael mlangoni, mkebe kichwani. Nyuma yake kulikuwa na wengine wawili. Halafu watano. Wengine walikuwa wanatoka nyuma ya kibanda cha Ochieng wakipangusa mikono, mmoja alikuja mbio na mkebe umefunikwa na sahani. Nilihesabu kumi na wanne. Watu ambao nilidhani wamehamia njia panda walikuwa wamejaa mlangoni kwangu, kwa mpangilio, bila kusukumana, siku ile ile ninayouza.

Sikupata nafasi ya kuuliza. Hemedi alikuwa amekwisha kuweka unga wake kwenye mizani, na uso wake umekunjana.

"Mama, hapa kuna kilo kumi na nusu."

"Ndiyo."

"Nilileta kumi na mbili. Kilo moja na nusu iko wapi?"

Nikapunguza moto wa injini ili tusikilizane. "Iko ndani ya mashine. Inashika kwa kuta na kwa ule mfuko wa juu. Wa kwanza anaijaza, wanaofuata wanapata zao kamili. Si wewe ni mtu wa mashine? Hujui?"

"Najua sana," akasema Hemedi. "Lakini leo wa kwanza ni mimi."

Foleni yote ikacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha chini chini cha watu wanaojuana. Na mimi, kama nilivyosema, sina breki. Nikawageukia nikawauliza kuna nini cha kuchekesha hapo.

"Tunacheka kwa sababu ameuliza," Rachael akasema. "Sisi hatuulizi."

"Mngeuliza nini?"

Akashusha mkebe wake kutoka kichwani, akaushika kwa mikono miwili. "Mama Frankline, kilo moja na nusu kwa nusu gunia la Wakhisi ilikuwa nini? Hata hakuiona. Mimi nina kilo mbili. Nikitangulia, narudi nyumbani na nusu kilo. Watoto wanne nitawagawia nini? Kwa hiyo tulikuwa tunakaa tukingoja mtu mwenye mzigo mkubwa aje afungue mashine. Hakuja. Kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza. Na mahindi ya huyu hayawezi kuchanganywa na ya yule, mwingine ametia muhogo, mwingine mtama. Njia panda nako ni mbali kwa mkebe mmoja. Basi tunarudi nyumbani, tunapika nyoyo."

Nyoyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Chakula kizuri, lakini si kila siku, na si kwa mtu aliyekuwa na unga wake mkononi akaogopa kuusaga.

"Na hamna midomo ya kuniambia?" nikasema.

Safia akajibu kutoka kwenye meza yake, bila kuacha kumimina chai. "Nani akuambie? Mtu akikuuliza saa ngapi, unamjibu kama amekukanyaga."

"Basi mnasema mimi ni mwizi. Semeni."

Nilitaka mtu aseme ndiyo, ili nipate wa kugombana naye. Rachael alinitazama tu, halafu akasema polepole, "Sijasema umeiba. Lakini jioni huwa tunakuona ukifungua ile mashine na karai."

Wacha nieleze karai. Unga hauwezi kulala ndani ya mashine, utaingia unyevu na wadudu, asubuhi utaharibu wa watu. Kwa hiyo kila jioni unafungua, unapangusa, unakinga na karai. Unga huo ni wa mwenye mashine. Dalmas alifanya hivyo, na aliyemfundisha Dalmas alifanya hivyo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza. Miaka kumi na mmoja sijanunua pakiti ya unga dukani. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo, nikimwambia Frankline kwamba mashine inatulisha. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tunavyosema. Kibaba kilikuwa changu na haba zilikuwa zao.

Nilihisi hasira ikinipanda, kisha ikakosa pa kwenda. Aibu ikanishika mpaka masikio yakawa moto. Watu walipokuwa na madebe, kilo ile ilikuwa kama chumvi inayomwagika. Hali ilibadilika, mikebe ikawa midogo, na mashine yangu ikaendelea kumeza kilo ile ile. Mimi niliyeona mikebe ikipungua kila siku, niliyejua kwa mkono wangu kinachobaki ndani, sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Nilikuwa na nafasi ya kutukana, nikakosa ya kufikiri.

"Lete huo mkebe," nikamwambia Rachael.

Nilisaga hadi saa nane mchana bila kukaa. Kila mtu alipata unga wake kamili, kwa sababu kilo na nusu ya Hemedi ilikuwa imetangulia kwa niaba yao. Safia aliishiwa na mandazi akawa anakaanga mengine huku anauza. Ochieng alikuwa na viatu vinne vimepanga foleni. Hemedi mwenyewe alikuwa ameketi kwa Safia, kikombe cha tatu, spana zake zimelala chini.

Foleni ilipoisha akaja. "Haya Mama, tufungue bolti?"

"Siuzi," nikasema.

"Ulinipa neno lako."

"Nilikupa, na ninalivunja, na ni vibaya. Nisamehe, Bwana Hemedi. Mafuta ya pikapu nitakurudishia."

Alivua kofia akajikuna kichwa. Nilijua na yeye anahangaika. Mtu haendi kutafuta chuma mpaka Asembo Bay kwa sababu biashara yake imenona.

"Mafuta acha, niko na mzigo mwingine wa kuchukua njiani," akasema mwishowe. "Lakini unga wangu nataka kamili."

Nikazima injini. Nikaleta karai, nikafungua mashine mchana ule, mbele ya kila mtu, nikapangusa kuta na kukung'uta mfuko. Nikapima kilo moja na nusu, nikamtilia kwenye mfuko wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Safia akasema, na Hemedi akamjibu kwamba siku moja nzuri si mwezi, kwamba atapiga simu tena, na mimi nikamwambia apige.

Ijumaa nililitoa benchi nje. Mashine ilikuwa safi na tupu, kwa hiyo nilichukua mahindi yangu mwenyewe, yaliyobaki ya msimu, nikayasaga ya kwanza, nikayaacha yaijaze. Tangu siku hiyo unga wa karai unalala kwenye ndoo yenye kifuniko na asubuhi unarudi kwenye mashine kabla ya mtu yeyote. Niliwatangazia watu. Niliwaambia Safia na Ochieng nao waseme. Nikaketi nikingoja shukrani, ndivyo nilivyo.

Shukrani hazikuja. Watu walikuja, lakini asubuhi bado walikuwa wanakaa kwenye benchi wakitazamana, mpaka mmoja mwenye mzigo mkubwa kidogo anasimama. Rachael alikuwa akijipanga wa nne, wa tano, hakuwahi kunikaribia mapema. Nilimlalamikia Safia. Akaniambia, "Wamesikia, bado hawajaona. Nani atajaribu kwa chakula cha watoto wake?" Nilinyamaza, jambo ambalo Safia anasema aliliandika kichwani kwa tarehe.

Na hali haijawa nzuri, nisimdanganye mtu. Wakhisi hajarudi. Dizeli iko pale pale juu. Hemedi alipiga simu mwezi ulipoisha, nikamwambia bado, akasema sawa, ananisalimia. Nyumbani nimeanza kununua mahindi sokoni kama watu wengine, na nimegundua ni ghali mno. Sijui watu walikuwa wanaishije. Jioni nyingine mimi pia nakula nyoyo.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya tatu. Nilifungua saa moja kasoro, nikamimina unga wa ndoo, na nilipogeuka Rachael alikuwa mlangoni peke yake. Benchi lilikuwa tupu. Hakunisalimia kwa maneno, aliinua tu nyusi na kunyoosha mkebe. Nikauweka kwenye mizani akaangalia: kilo mbili. Nikamimina. Alisimama karibu na mdomo wa mashine hata kanga yake ikawa nyeupe, akitazama unga ukishuka. Ulipokoma nikakung'uta mara mbili, tukaweka mfuko wake kwenye mizani, mimi na yeye tukainama pamoja.

Kilo mbili. Sindano ilitikisika ikatulia hapo.

Akaangalia muda mrefu, utafikiri amekuja kuinunua mizani. Halafu akauliza, "Na ile kilo iliyokuwa ikibaki zamani?"

Ningeweza kumwambia ndivyo mashine zote zilivyo. Nilikuwa nalo hilo jibu, nimelitumia miaka. "Ile ya zamani tulikula, Rachael," nikasema.

"Najua mlikula." Alikuwa anafunga mfuko wake fundo, hakuniangalia. "Ilikuwa tamu?"

Machozi yalinijia kwa ghafla. "Ilikuwa tamu," nikamwambia. "Tulishiba kila siku."

Akatikisa kichwa, akajitwika unga wake, akasema kesho atakuja mapema tena.